Dakika Tano za Kumkumbuka Mwalimu Ambaye Hukumsoma Vya Kutosha

Umepewa dakika tano. Mwalimu wako wa tiba ya maisha yaliyopita amefariki, wanafunzi wake wanakusanyika Jumamosi kumkumbuka, na jina lako limeshaingia kwenye ratiba, baada ya salamu za familia na kabla ya chakula. Vitabu vyake vyote unavyo. Ulichosoma ni kimoja, nacho ulikomea sura ya nne. Na bado unataka, ukishashuka jukwaani, watu wanong'onezane kwamba wewe ndiye uliyemjua hasa.

Tulia, ndugu yangu. Linawezekana, na wala si dhambi kulitaka. Sijaona bado mtu anayesimama kumsifu marehemu bila kutamani chembe ya sifa imrudie yeye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ninayokupa ni fupi zaidi, na uwongo haumo: ukweli mmoja mdogo, uliouchagua vizuri, unampamba marehemu kuliko sifa za jumla za dakika arobaini, na unakuokolea usiku mzima wa kusoma.

Kwanza jiandae kwa shemeji wa marehemu utakayeketi naye meza moja, ambaye hajawahi kuelewa ndugu yake alikuwa akifanya kazi gani. Mweleze hivi. Mteja hulala, mtaalamu humwongoza kwa hipnosisi mpaka akili itulie, humrudisha utotoni, kisha nyuma ya kuzaliwa kwake, na hapo mteja huanza kusimulia maisha ya mtu mwingine kana kwamba ni yake. Hofu au maumivu yaliyomleta hutafutiwa chanzo humo. Saikolojia ya vyuoni haizikubali simulizi hizo kuwa kumbukumbu. Inaziona kuwa kazi ya fikra na matarajio. Mwambie shemeji na hilo pia. Atakuamini katika yote mengine.

Hatua ya kwanza: litafute swali lake

Achana na falsafa yake. Falsafa ni ndefu, na huna muda. Tafuta swali alilokuwa akiwauliza watu wakishalala na kufumba macho. Kila mwalimu wa fani hii alikuwa na la kwake, na ukilipata umempata.

Mchukue Helen Wambach, mwanasaikolojia wa Marekani. Miaka ya 1970 alikuwa akikusanya watu kwa makundi, wanajilaza, anawapeleka kwenye karne fulani ya zamani. Wakifika huko, hawaulizi walikuwa nani. Anawaambia watazame miguu. Umevaa nini? Kiatu, kandambili za ngozi, au uko peku? Chakula kimeletwa: ni chakula gani, na unakila kwa chombo gani? Nenda sokoni, pesa unayotoa ikoje? Wakizinduka, kila mtu anajaza fomu. Fomu zilipita 1,000. Alipozijumlisha, waliojiona wanaume walikuwa asilimia 50.6 na waliojiona wanawake asilimia 49.4. Na wengi wao hawakuwa wafalme wala malkia. Walikuwa wakulima na vibarua, wanakula nafaka iliyopikwa bila kiungo chochote. Kitabu chake cha kwanza juu ya hayo kilitoka 1978.

Sasa ona hilo limekufanyia nini. Kitabu hukukimaliza. Lakini umesimama, umesema kwamba Helen alianza na viatu, na ukumbi mzima umetazama chini kwenye miguu yake. Kwa nusu dakika Helen amefanya kikao chake kingine, akiwa kaburini. Hakuna aliyekuuliza sura ya tano inasemaje.

Wengine nao hivyo hivyo. Roger Woolger, Mwingereza aliyesoma Oxford kisha akasomea uchambuzi wa nafsi kwenye taasisi ya Jung mjini Zurich, aliuuliza mwili: maumivu yako wapi, na mwili unataka kufanya nini sasa hivi? Alikufa 2011, na waliopita mikononi mwake humtaja kwa mabega na shingo zao. Michael Newton wa California aliuliza yaliyo kati ya maisha na maisha. Kwa wenzake, mteja akishasimulia kifo chake cha zamani, kikao kinaelekea ukingoni. Kwa Newton ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza: sasa unakwenda wapi, na nani amekuja kukupokea?

Swali usilipate? Mtafute aliyewahi kulala mbele yake, umuulize: alianzaje? Simu moja, dakika mbili. Watu husahau mafundisho, lakini sauti iliyowaambia wafumbe macho hawaisahau.

Hatua ya pili: anza na siku ya kabla

Watakaokutangulia jukwaani wataanza na umaarufu: vitabu, lugha ambazo vimetafsiriwa, kumbi zilizojaa. Waachie. Wewe anza na siku ambayo marehemu alikuwa bado si mtu wa mambo haya, tena ikiwezekana siku aliyoyakataa.

Newton ni mfano mzuri. Alikuwa mtaalamu wa kawaida wa hipnosisi, na wateja wakimwomba awarudishe kwenye maisha ya zamani aliwakatalia. Kisha, kwa simulizi yake mwenyewe, akaja mtu mwenye maumivu ya ubavuni yasiyoisha. Newton akamwambia aende kwenye chanzo cha maumivu, na yule mtu akajikuta askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa, anachomwa singe. Kitabu kilichomfanya ajulikane, Journey of Souls, kilitoka 1994, yeye akiwa ameshapita miaka 60. Alifariki 2016.

Dolores Cannon ni mzuri zaidi, kwa sababu siku yake ya kabla ni ndefu ajabu. Mwaka 1968 alikuwa mke wa mwanajeshi wa majini, Texas. Mwenye ujuzi wa hipnosisi alikuwa mume. Mume akamlaza mwanamke mmoja aliyekuwa na tatizo la kiafya, na badala ya tatizo zikaja simulizi za maisha mengine, moja nyuma ya nyingine hadi tano. Baadaye mume akapata ajali mbaya ya gari, na mambo yale yakawekwa kando, Dolores akalea watoto. Aliporudi kwenye kazi hiyo miaka mingi baadaye, ni yeye aliyeshika kiti cha mwongozaji. Mwaka 1992 alianzisha kampuni yake ya kuchapisha huko Arkansas. Na kile kitabu cha kisa cha 1968? Kilitoka 2009. Ukitaka kunyamazisha ukumbi, soma hizo tarehe mbili polepole, 1968 na 2009, halafu nyamaza. Mama aliyeweka simulizi ndani miaka 41 hahitaji mtu kumwita gwiji.

Woolger utamfanyia vivyo hivyo. Alipewa kitabu cha Arthur Guirdham, daktari wa akili wa Bath aliyeandika kwamba maisha ya Wakathari, wale wakristo wa kusini mwa Ufaransa waliopigwa vita na Kanisa karne ya 13, yamejitokeza tena kwa mgonjwa wake. Kazi ya Woolger ilikuwa kukihakiki, naye hakukiamini. Baadaye, alipojaribu mbinu hiyo mwenyewe, yalimjia maisha ya askari wa kukodiwa katika vita hivyohivyo, upande wa wachinjaji. Angeweza kujichagulia upande wa mashahidi wa dini. Litaje hilo na uliache lilivyo.

Hatua ya tatu: jisifu mapema, umalize

Hapa tuwe wawazi. Utataka kusema ulikuwa karibu naye. Utataka kusema alikuona una kipaji. Sema. Lakini sema katika sentensi ya pili, mara moja, kisha usirudi tena. Majivuno yakitolewa mapema watu huyachukulia kama utambulisho: aha, huyu alikuwa mwanafunzi wake. Yakicheleweshwa hadi mwisho, ndiyo pekee watakayoondoka nayo.

Tatizo la jamii yetu ni kwamba tuna majivuno ambayo watu wa fani nyingine hawana. Mhandisi akifiwa na mwalimu wake hawezi kusema walijenga pamoja piramidi. Sisi tunaweza, na tumesema, tena kwenye maikrofoni. Ikiwa kweli katika kikao ulijiona uko naye karne nyingine na moyo hautulii mpaka uliseme, nakupa ruhusa, kwa masharti ya Wambach: wengi walikuwa wakulima. Basi wewe uwe uliyebeba maji, yeye awe aliyelima. Ukiona nafasi iliyobaki kwako ni ya kuhani mkuu peke yake, weka hiyo hadithi kwa mikutano mingine. Familia iko mstari wa mbele. Mama yao ndiye huyo, na mwaka huu hawataki kumgawana na farao.

Hatua ya nne: usilete salamu kutoka kwake

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo kaa nayo.

Usiku wa kuamkia shughuli utamwota. Wafiwa wengi huota. Atakuwa anatabasamu, amevaa nguo unayoijua, na huenda akakwambia neno. Asubuhi kishawishi kitakuwa kikubwa: usimame useme amekutokea, ametuma salamu, amesema kazi iendelee. Na kazi hiyo, bila shaka, iendelee chini yako.

Kabla hujafungua kinywa, mkumbuke Ian Stevenson. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Montreal, aliyefanya kazi miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Virginia akifuatilia watoto waliosema wanakumbuka maisha mengine: India, Sri Lanka, Lebanoni, Uturuki, kwa Waigbo wa Nigeria, kwa Watlingit wa Alaska. Visa alivyokusanya vilipita 2,000. Kitabu chake cha 1997 kuhusu alama za kuzaliwa nazo kina kurasa zaidi ya 2,000, kwa hiyo usione aibu kwa sura yako ya nne.

Mtu huyu, miaka ya 1960, alinunua kufuli la namba. Akaliwekea namba mwenyewe, namba ambayo angeikumbuka kwa neno au fungu la maneno alilolijua yeye peke yake, hakumwambia mtu, na kufuli likawekwa kwenye kabati la mafaili. Maana yake ilikuwa nyepesi: nikifa, na ikiwa kuna namna ya kufikisha ujumbe, nitalifikisha neno hilo kwa mtu, nanyi mtalifungua. Alifariki Februari 2007, akiwa na miaka 88. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, na wenzake wakasema akija mtu na neno lenye uzito watalijaribu.

Mimi nikimfikiria Stevenson huliona kufuli kabla ya kuyaona mavitabu yake. Alitaka sana jambo liwe kweli, na kwa sababu hiyohiyo akaliwekea mtihani ambao hangeweza kuusahihisha mwenyewe.

Basi kanuni ni hii. Marehemu akikujia ndotoni akakupa namba, pigia simu Virginia. Akikujia akakusifu, shukuru Mungu, kunywa chai yako, na useme ukweli: nilimwota. Neno hilo linatosha kabisa. Watu kumi ukumbini walimwota pia wakaona haya kusema, na baada ya shughuli watakufuata mmoja mmoja kukusimulia. Utakuwa umepata ukaribu uliokuwa ukiutafuta, bila kudai ujumbe.

Hatua ya tano: doa litaje wewe

Katika kila hadhira yupo mmoja, aghalabu mjomba, aliyekwisha kutafuta habari kwenye simu yake na kukuta kwamba mambo haya hayajathibitishwa. Usimwache alisemee doa kwenye foleni ya chakula. Litaje wewe, kwa sauti ya kawaida, na umeshamnyang'anya silaha yake. Kisha utaona ajabu: doa linampandisha marehemu.

Anza, ukitaka, na mfanyabiashara Morey Bernstein wa Pueblo, Colorado, ambaye bila yeye wengi wetu tusingekuwa na kazi. Mwaka 1952 alimlaza kwa hipnosisi mwanamke wa mji wake, Virginia Tighe, naye akasema kwa lafudhi ya Kiairishi kwamba yeye ni Bridey Murphy, aliyezaliwa Cork mwaka 1798 na kufia Belfast mwaka 1864. Kitabu kilitoka 1956 kikauzwa kwa wingi sana, filamu ikafuata mwaka uleule. Waandishi wa habari wakaenda Ireland. Cheti cha kuzaliwa hakikuonekana, wala cha kifo. Majina ya maduka mawili ya vyakula ya Belfast aliyoyataja yalionekana. Kisha gazeti moja la Chicago likagundua kwamba Virginia alipokuwa mtoto mjini humo, ng'ambo ya barabara alikaa mwanamke wa Kiairishi ambaye jina lake la usichana lilikuwa Bridie Murphy.

Yaseme yote, maduka na jirani, kwa uzito uleule. Usichague.

Sema pia kwamba Arnall Bloxham wa Cardiff alirekodi kanda nyingi za wateja wake zilizosifiwa mno, na kwamba baadaye mtafiti Melvin Harris alionyesha kuwa maisha ya enzi za Warumi ya mteja wake mashuhuri yalifuata riwaya ya Louis de Wohl ya 1947. Mteja hakudanganya, alikuwa amesoma akasahau kwamba alisoma. Sema kwamba Nicholas Spanos na wenzake huko Ottawa walionyesha jinsi watu walio kwenye hipnosisi wanavyosimulia kile walichotayarishwa kukitarajia. Na ukimtaja Stevenson, ambaye tunapenda kumweka ukutani pamoja na walimu wetu, usisahau kuongeza kwamba yeye hakuiamini hipnosisi kama njia ya kupata ushahidi, na alionya hivyo hadharani. Picha yake iko ukutani kwetu na yeye hakukubaliana nasi. Iache ukutani.

Baada ya hapo, mjomba hana la kusema, na wewe unabaki na kitu kisichohitaji cheti kutoka Cork: mwalimu wako alikaa saa mbili kwenye kiti kigumu akimsikiliza mtu analia, hakutazama saa, na mtu yule akaondoka amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Ikiwa ulikiona hicho kwa macho yako, kisimulie kwa kirefu. Hapo usibane dakika. Ikiwa hukukiona, mwachie maikrofoni aliyekiona, nusu ya muda wako. Hiyo ndiyo njia ya mkato iliyo bora kuliko zote nilizokupa: dakika mbili na nusu badala ya tano, na ukumbi utakukumbuka kwa ukarimu.

Hatua ya sita: aliyekuwa amelala

Bernstein alimficha Virginia Tighe kwa jina la bandia, Ruth Simmons. Waandishi wakamfichua ndani ya miezi michache, na jina la Bridey likamfuata maisha yake yote hadi alipofariki 1995. Kwa hiyo kisa cha mteja, hata kiwe kitamu namna gani, usikisimulie kwa namna ambayo jirani yake atamtambua. Ondoa mji, ondoa kazi, ondoa ugonjwa. Kikibaki kimekauka, kiache. Anaweza kuwa ameketi safu ya tatu, na alimwambia marehemu asichomwambia mumewe.

Na hapo kuna kazi moja ambayo hakuna aliyeipanga kwenye ratiba. Walimu wa kizazi hicho walirekodi vikao kwenye kaseti. Wakifa, kaseti hubaki stoo, kwenye masanduku yaliyoandikwa majina ya watu kwa kalamu ya wino, na wiki ya pili baada ya maziko watoto huanza kusafisha nyumba. Sauti zile si mali ya wanafunzi, wala si takataka. Wenye nazo wengi wangali hai, na wana haki ya kuulizwa kama zirudishwe kwao, zihifadhiwe, au zifutwe.

Ukishuka jukwaani, kabla hujachukua sahani, mfuate mtoto mkubwa wa marehemu. Mpe pole. Muulize masanduku yako wapi na nani ana ufunguo wa stoo. Omba yasiguswe mpaka mtu akae na orodha ya majina. Chukua namba yake ya simu, na umpigie Jumatatu asubuhi.